Kwa nini mchanga wa Tarawa haushiki maji
Ndugu, umeuliza kwa nini bustani za Tarawa, kisiwa cha matumbawe nchini Kiribati katika Pasifiki, hukauka upesi baada ya mvua. Udongo wa kule ni mchanga na changarawe za matumbawe, hauna mfinyanzi, kwa hiyo maji hupita moja kwa moja. Lakini shida kubwa zaidi ni chokaa: pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, hufika 8 na kuzidi, basi hata chuma kidogo kilichomo mizizi haikipati. Majani machanga huwa manjano, mishipa ikibaki kijani. Kumwagilia zaidi hakuponyi hilo. Changanya mboji nyingi, tena kila msimu, maana huoza haraka kwenye joto, na nyunyizia majani salfeti ya chuma. Babai, gimbi lao kubwa, hupandwa shimoni, pale maji yasiyo na chumvi yanapoelea juu ya maji ya chumvi. Usichimbe karibu na ufuo.