Ukienda kuvua mkondo wa Pemba na mwenzio, malizeni maneno nchi kavu

Watu wakisikia kuvua jodari mkondo wa Pemba, ile bahari ya kati ya Pemba na bara, swali lao la kwanza ni rodi gani, rapala (chambo cha bandia) rangi gani, mashine ya hospawa ngapi. Hakuna anaeuliza unakwenda na nani. Boti yenyewe ya faiba ndogo, mko wawili tu toka alfajiri mpaka jioni, jua lenu, petroli yenu, kutapika kwenu, mkikosana hakuna pa kwendea. Chagua mtu kwanza, rapala baadae.

Swahiba wangu ninaekwenda nae ni mtu wa Makangale, kule juu kabisa kaskazini ya Pemba, karibu na mnara wa taa wa Ras Kigomasha, maneno machache, na hiyo ndo sifa yake kubwa. Mambo yetu tunayamaliza usiku kabla ya kulala: tunageuza saa ngapi, nani anashika mashine samaki akila, mapato tunagawaje. Nchi kavu hayo ni mazungumzo ya chai moja ya mkandaa basi. Sasa jaribuni kuyaanzisha baharini, samaki wanakula na tangi lishafika nusu, muone mtakavoitana majina.

La kugeuza ndo kubwa zaidi, na linaamuliwa na mafuta, halina habari na samaki. Theluthi ya petroli ya kwenda na kuzunguka, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Mashine nyingi tunazotumia huku ni za kuchanganya oili, lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, basi changanyeni madumu yote nyumbani, msije mkapima oili kwenye mawimbi huku mmoja anachafukwa moyo na harufu. Na mkisema saa nane mchana tunageuza ni saa nane, hata membe, wale ndege wa baharini, wawe wanapiga maji mbele yenu kama mvua. Hapo mwenzio atakwambia "kidogo tu yakhe, raundi moja", ndo mana nasema mkubaliane kabla.

Kitu wageni wa mkondo hawakijui ni kwamba maji yale yanakwenda kaskazini, karibu mwaka mzima. Ukizimikiwa na mashine magharibi ya Kigomasha hurudi Pemba, unaelekea Kenya. Kwa hivo sisi asubuhi tukiwa na nguvu na mafuta tunapanda kusini kwanza, alafu tunavua huku tunateremka na maji kuelekea nyumbani, na jicho liko kwenye mnara ule, tusiupite. Kina chenyewe si cha nanga, upande wa magharibi wa Pemba ukitoka kwenye miamba tu chini panakatika ghafla, katikati ya mkondo inafika kama mita 800, nanga yako na kamba yake ni pambo tu hapo. Ndo hapohapo penye jodari lakini, maana kina kirefu kiko karibu na pwani, huhitaji boti kubwa la kitalii kukifikia.

Upepo: kusi likishika mwezi wa sita wa saba, boti ndogo ikae pwani. Kaskazi nayo watu wanaidharau kwa vile jua kali na anga safi, kumbe inavuma kukabili mkondo, mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama, yanakupiga mgongo mpaka usiku unalala umekaa. Sikiliza TMA, wale wa hali ya hewa, wakitoa tahadhari ya upepo wa zaidi ya kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya kuzidi mita 2 hayo si maneno ya kuogopesha watoto. Mi napenda Septemba mwisho mpaka Novemba, kusi limeshachoka na jodari wapo. Boya la kuvaa ni lazima, livaliwe sio likaliwe. Sisi watu wa visiwani na ile meli ya Spice Islander iliyozama 2011 hatuhitaji mtu kutufundisha bahari ya kati ya Nungwi na Pemba ikoje.

Haya, samaki. Tafuta ndege kabla hujatafuta samaki, membe wakiinama chini kuna vibua na chini ya vibua kuna mkubwa wao. Ukikuta gogo au takataka zinaelea usilipite hivihivi, felusi wanapenda kivuli. Kwa nguru weka waya mbele ya ndoana, yale meno yanakata plastiki kama hakuna kitu, ila jodari akiuona waya mara nyingi anageuza, kwa hivo mishipi miwili, mmoja wa waya mmoja bila. Breki ya rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, ifunge theluthi ya nguvu ya mshipi, mshipi wa kilo 24 basi breki kilo 8, na upime kwa mizani nyumbani, mkono unadanganya. Samaki akila: wa mashine asizime, aende taratibu mbele, mwengine anavuta ule mshipi usio na kitu kabla haujaingia kwenye propela, ndo baadae ashike rodi. Usirudishe boti ndogo kinyumenyume, maji yanaingia kwa tezi, huko nyuma. Na usizungushe mshipi mkononi, hata kwa sekunde, vidole havioti tena.

Nduwaro, yule samaki wa mdomo mrefu, akija (anakuja, usifikiri wa matajiri tu) mi nasema mwachieni. Mdomo ule ndani ya boti ya watu wawili ni mkuki, na kumpandisha kwenyewe mtapinduka. Mshikeni ubavuni kichwa kiko majini, boti inatambaa mbele maji yapite kwenye mashavu mpaka apate nguvu, kateni mshipi karibu na ndoana. Najua kuna wazee watanisema.

Sasa barafu, hapa ndo watu wanaharibu kazi yote. Samaki hachinjwi kisheria ya dini, sawa, lakini jodari mtoe damu palepale, kata nyuma ya pezi la ubavuni na kwenye matamvua, mtoe matumbo, mzike kwenye barafu mpaka asionekane. Akikaa juani anatengeneza sumu ambayo kupika hakuitoi, ukimla mdomo unawasha, uso unakuwa mwekundu na moto, kichwa kinagonga, watu wanasema "nina aleji ya jodari" kumbe jodari alichomwa na jua. Barafu nunua mara mbili ya unavofikiria na usiigeuze maji ya kunywa.

Mgao wetu ni wa kizamani tu: toa petroli na barafu kwanza, kilichobaki mafungu matatu, chombo fungu lake, yeye lake, mimi langu. Chombo ni chake kwa hivo anaondoka na mawili na sijawahi kuona vibaya, mana mashine ikifa sio mimi ninaekwenda kutafuta spea. Na wale vijana wanaokuja kusaidia kuvuta boti maji yakiwa yamepwa wapeni kitoweo, tena msiwape kichwa.