Mleta mada, achana na mti wa ukoo. Tafuta wapangaji kwanza

Mkuu simama hapo hapo. Nyumba yenu ya Kariakoo inavunjwa baada ya Idi kupisha ghorofa, unataka kuandika utoto wenu pale kabla haijaondoka, unauliza ununue mashine gani ya kurekodia, upange sura kwa miaka au kwa mambo, na mwisho wake uchape kitabu au uweke YouTube. Sawa. Lakini chini kabisa umeandika kwamba umeshaanza na mti wa ukoo na hati ya kiwanja, na "majirani na wapangaji nitawafuata nikipata muda". Hiyo "nikipata muda" ndiyo imenitoa kitandani saa hizi. Muda wewe utaupata. Wao hutawakuta.

Walioijua nyumba yenu ni wapangaji. Siyo baba yako, siyo shangazi zako. Wapangaji.

Yetu ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, na ya kwenu nadhani haikuwa tofauti: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma uani kuna banda la vyumba viwili, jiko, bafu na choo. Sisi tulikaa vyumba vya mbele na kibanda cha duka cha babu. Vilivyobaki kila mlango ulikuwa na familia yake. Kuli wa bandarini, fundi cherehani wa kutoka Kilwa aliyeshonea pale barazani, mama wa Kimanyema na wanawe, karani mmoja aliyenyoosha suruali usiku wa manane. Bomba moja, kamba za nguo hizo hizo, majiko ya mkaa yamepangana uani, na ukifika wakati wa kula hakuna anayeuliza huyu mtoto wa nani. Mimi mjukuu wa mwenye nyumba nilikuwa nakula kwa wapangaji kuliko kwetu, kwa sababu kwetu bibi alikuwa anahesabu vipande vya samaki.

Sasa sikiliza nilivyopigwa.

Kuna bwana alikuwa anaendesha semina za kuandika historia ya familia. Simtaji, naye kama anasoma hapa anajijua. Ada unalipa mlangoni, unapewa chai, sambusa mbili na kabrasha. Akatuambia historia ya nyumba ni historia ya mwenye hati, wapangaji ni wapita njia tu. Kauli hiyo naikumbuka neno kwa neno kwa sababu niliilipia. Kabrasha lake lina mpangilio: sura ya kwanza asili ya mtaa, ya pili asili ya ukoo, ya tatu wazee wetu na maadili yao, unaendelea hivyo mpaka uchoke.

Nikafuata kama mwanafunzi mtiifu. Nikaandika Wajerumani. Nikaandika Waingereza na kambi yao ya wapagazi wa vita vya 1914 mpaka 1918, ambayo kila mtu wa Dar anaijua na hakuna aliyeniomba nimweleze tena. Nikaandika soko, mitaa ilivyopimwa, sijui nini. Babu yangu akazaliwa ukurasa wa 31. Mimi mwenyewe nilizaliwa karibu na jalada la nyuma.

Wasimulizi wangu walikuwa shangazi zangu, Mungu awape umri. Wakanipa walichonacho: tuliishi kwa upendo, mtoto wa mmoja ni wa wote, jirani anakuchapa na ukifika nyumbani unachapwa tena. (Hiyo nayo usiiandike. Kila aliyezidi miaka arobaini nchi hii alichapwa na jirani, siyo habari.) Wakaniambia enzi zile watoto walikuwa na adabu, saa nne usiku nyumba nzima kimya, watu wamelala. Nikaandika: adabu, saa nne, kimya. Nikaandika na babu alivyokuwa mwadilifu, mfanyabiashara asiyeficha bidhaa hata wakati wa dhiki. Hilo liko ukurasa wa 58, unaweza kuja kulisoma, nakala zipo. Zipo nyingi. Yule bwana alinitafutia na mchapaji, ambaye baadaye nikaja kujua ni shemeji yake, na shemeji akanishauri nichape nyingi ndipo bei ishuke. Maboksi yako stoo mpaka leo, na wasomaji wangu waaminifu ni panya.

Baadaye akafariki yule fundi cherehani. Msiba uko Mbagala. Nikaenda, nikabeba na nakala kadhaa, si unajua tena, mwandishi. Pale nikamkuta mama wa chumba cha uani, sote tulimwita Mama Mkubwa. Amezeeka, ila sauti ile ile. Akasomewa ule ukurasa wa 58 na mjukuu wake, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akasimulia mbele ya watu.

Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi umeanza. Sukari haipo, sabuni haipo, chochote kikionekana kwa wingi mwenye nacho anaeleza kimetoka wapi. Babu anazo gunia za sukari na katoni za sabuni nyuma ya duka. Usiku, taa zimezimwa, yeye na kuli wa bandarini wakazibeba miguu pekupeku kupita koridoni hadi chumba cha uani, wakazisukuma chini ya kitanda cha kamba cha Mama Mkubwa, juu ukatandikwa mkeka unaoning'inia hadi chini. Bado haikutosha. Mama Mkubwa akaomba mtoto. Mtoto akaletwa amelala, akalazwa juu ya kitanda, akapakwa unga wa muhogo mwili mzima. Asubuhi mgambo wakaja, balozi wa nyumba kumi yuko mbele. Wakakagua duka, wakakagua vyumba vya mbele, wakafika uani. Mama Mkubwa kasimama mlangoni anawaambia piteni wanangu, ila mtoto ana surua. Balozi akachungulia, akamwona mtoto mweupe pe ana vipele, akarudi nyuma hatua mbili. Wakaenda zao.

Mtoto alikuwa mimi. Na sikuwa na surua, nilikuwa na vipele vya joto.

Yaani nilikuwepo. Nimelala juu ya ushahidi, halafu nimeandika kitabu kizima na sijui. Shangazi zangu je, walijua? Walijua wote. Mmoja nilipomuuliza akaniambia, "Sasa mambo hayo ndiyo ya kuandika?" Mama Mkubwa hakulipa kodi mpaka mwaka ule ukaisha, hilo nalo kwenye kitabu changu halipo, nina sura nzima ya Wajerumani.

Siku ile ile msibani nikajua na habari ya saa nne. Ile adabu. Mita ya umeme ilikuwa moja na swichi kubwa iko chumbani kwa babu. Bili inagawanywa kwa vitu: balbu una ngapi, redio unayo, pasi unayo. Karani alikuwa na pasi ya umeme anaificha ndani ya ndoo ya unga na anasema ananyooshea ya mkaa. Babu alipoona bili haielewi akawa anazima swichi saa nne kamili, nyumba nzima giza. Basi watu wakalala. Mapema, kwa adabu.

Na kosa lenyewe lililoniuma zaidi ni hili: sikurekodi. Mama Mkubwa alikuwa tayari, kaniambia njoo hata kesho, yapo mengi. Mimi nikasema nitakuja, nangojea mashine nzuri ya kurekodia, nimeagiza. Kwa sababu kabrasha la yule bwana lina ukurasa mzima wa vifaa vinavyokubalika, na simu haimo! Mashine ilipofika Mama Mkubwa alikuwa ameshapigwa na kiharusi. Ananitambua, ananishika mkono, haongei. Kwa hiyo swali lako la mashine gani jibu ni hiyo simu uliyoandikia uzi huu. Weka mezani, bonyeza, nyamaza.

Namna ya kuwapata. Wametawanyika Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto, Chanika huko, lakini watu wa mtaa mmoja hawaachani kwenye misiba. Nenda misiba. Kaa mwisho wa mkeka, taja mtaa na nyumba, utaona nani anageuka. Tafuta watoto wa balozi wenu wa zamani, huenda daftari la majina ya nyumba kumi liko kabatini kwao na hawajui kazi yake. Pita tawi lenu la mpira, wale wazee wa kahawa na kashata wanajua aliyehamia wapi na kwa ugomvi gani.

Ukishampata mtu usimuulize "nisimulie maisha ya zamani", utapewa upendo na adabu. Chora nyumba kwenye karatasi, korido na milango, muulize mlango huu alikaa nani, kabla yake nani, aliondoka kwa nini. Mlango kwa mlango. Miaka usiulize kabisa, hakuna anayekumbuka miaka. Uliza ilikuwa kabla ya bao sita au baada. Bao sita ni tarehe 19 Julai 1977, Simba 6 Yanga 0, na mimi ni Yanga, inauma, lakini kalenda ni kalenda. Kisha kuna vita vya Kagera, 1978 kuingia 1979, kuna msako wenyewe, kuna ile miaka daladala zinaanza. Mama wa mtoto atakwambia mwanawe alikuwa anatambaa au anaota meno, wewe utapiga hesabu nyumbani.

Usiende na shangazi yako. Narudia kwa herufi kubwa: USIENDE NA SHANGAZI YAKO. Mpangaji hasemi mbele ya mwenye nyumba, hata kama nyumba ilishauzwa na mwenye nyumba ni mzee wa fimbo. Na usiende mikono mitupu. Mimi hupeleka sukari, na kila ninapofika nayo wanacheka.

Na wewe bado una bahati niliyoikosa, nyumba imesimama. Tumia Idi yenyewe. Waite waliobaki, wao na watoto wao, pilau ipikwe uani pale pale. Kila mtu aingie chumba alichokaa, asimame aseme kitanda kilikuwa wapi, nani alizaliwa humo, nani alikuwa anadaiwa. Simu iwe inarekodi toka mlango wa mbele. Shangazi zako wape sufuria kubwa la mchele, wasitoke jikoni mpaka umemaliza korido.