Tiba mtandao ya macho kwa watoto: anzeni, ila kamera isubiri

Mleta mada, umeuliza kama inafaa kikundi chenu kianze kupima macho ya watoto katika shule zilizo mbali na daktari wa macho, kwa simu na intaneti, na kama mchango mliokusanya uende kwenye kamera ya kupiga picha za retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kazi hii nimeifanya miaka sita, mwanzo kama mpimaji, baadaye kama msimamizi wa rufaa. Anzeni. Kamera isubiri.

Watoto wengi wasioona ubaoni retina zao ni nzima, wanachokosa ni miwani. Huyu anaona karibu lakini mbali ni ukungu, yule jicho moja limezidi jingine. Hayo hugunduliwa kwa kupima uoni, na simu ya kawaida yenye programu ya herufi E inatosha. E inageuzwa juu, chini, kulia, kushoto. Mtoto ananyoosha mkono kuonyesha miguu yake imeelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma. Mwalimu anafundishika kazi hiyo kwa muda mfupi, na mwalimu ana faida ambayo mimi sina: anawajua watoto wake, anajua nani siku zote huhama kiti kusogelea ubao.

Jambo moja dogo linaloharibu vipimo vingi. Namkumbuka binti wa miaka minane. Tulifunika jicho lake la kulia, akamaliza mistari yote bila kusita. Tulipofunika la kushoto kwa mkono wake mwenyewe, akaanza kugeuza shingo pole pole, kama anayesikiliza kitu nyuma yake, mpaka jicho zuri likapata upenyo katikati ya vidole. Simu ikaandika kwamba macho yote mawili ni mazima. Hakuwa anadanganya. Alitaka kujibu vizuri, kama watoto wanavyotaka wakiwa mbele ya mtu mzima. Tulirudia kwa kufunika kwa kiganja cha mwalimu, na lile jicho la kulia halikuona hata E kubwa ya juu. Kwa hiyo jicho lifunikwe kwa kiganja au kadi, na mtu mwingine ndiye ashike.

Binti yule alikuwa na jicho mvivu. Jicho lenyewe halikuwa na kidonda wala ugonjwa. Ubongo ulizoea kupokea picha safi kutoka upande mmoja ukauacha upande wa pili. Hapo muda ni kila kitu, kwa sababu tiba hushika vizuri zaidi mtoto akiwa hajavuka miaka saba hivi, ingawa wakubwa kidogo nao wapo wanaopata nafuu. Anavalishwa miwani, kisha jicho zuri linazibwa saa kadhaa kila siku ili lile lililoachwa lilazimike kufanya kazi. Mzazi akisikia "saa kadhaa kila siku kwa miezi" anakata tamaa. Mwambieni kwamba utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulikuta, kwa jicho mvivu la kiwango cha kati, saa 2 kwa siku zilifaa sawa na saa 6. Na hapa ndipo simu ya video ilipotusaidia kuliko mahali pengine popote. Kila wiki mtoto anaonyesha kiziba chake, mama anaeleza mtoto alikivuaje na lini, tunapanga upya saa za kukivaa. Safari nzima ya kwenda kliniki imeepukwa kwa dakika kumi.

Sasa mipaka. Mtu asiwaambie kwamba programu ya simu itatoa namba za miwani ya mtoto. Lenzi ya jicho la mtoto ina nguvu ya kujikaza, kwa hiyo mwenye tatizo la kuona karibu anaweza kujikaza akafaulu chati yote, jioni kichwa kinamuuma. Ili kupata namba za kweli anawekewa matone ya kulegeza msuli huo, kisha mtaalamu anapima mwanga unavyorudi kutoka ndani ya jicho. Hiyo ni kazi ya mkono. Sisi tulikuwa tunachuja watoto kwa simu, tunawakusanya walioshindwa, mtaalamu anakuja siku moja na matone yake anawamaliza wote. Mtandao ulimpunguzia idadi ya watoto wa kuona, haukuchukua nafasi yake.

Picha za simu zina kazi pia, ila mbili tu ndizo nitakazowatetea. Kwa makengeza, piga picha ya uso mtoto akiitazama kamera, flashi ikiwa imewashwa: kidoa cha mwanga kikae mahali palepale katika mboni zote mbili. Kikihama upande mmoja, daktari akiwa mbali ana cha kuanzia. Ya pili ni mboni inayotoa weupe kwenye picha wakati mwenzake inatoa wekundu. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho ya utotoni, na inaweza isiwe chochote. Hiyo msiisubirishe kwenye foleni ya picha. Mpigie daktari siku hiyohiyo.

Kamera ya retina inakolipa kweli ni kwa watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati. Mradi wa KIDROP huko Karnataka, India, tangu 2008 unapeleka mafundi waliofunzwa kwenye wodi za watoto wachanga. Wanapiga picha za retina, daktari wa mbali anazisoma. Ugonjwa wa retina wa njiti ukifika hatua ya kutibiwa, tiba inatakiwa ndani ya saa 72 hivi, na mtoto aliyepitwa anaweza kupofuka kabisa. Lakini hiyo ni kazi ya wodi. Nyinyi mmesema shule.

Hela ziende wapi basi? Kwenye njia ya kutoka kipimo hadi miwani. Mwaka wetu wa kwanza tuliandika barua za rufaa tukawapa watoto. Nilirudi katika shule moja baada ya muhula, mvulana akafungua begi kutafuta kalamu, barua ikatoka ikiwa imekunjwa vilevile nilivyoikunja mimi. Wazazi wake hawakuwahi kuiona. Upande wa pili, kliniki tuliyoshirikiana nayo ilikaa na picha zetu wiki tatu bila neno. Iliniumiza sana, maana wale watoto tulikuwa tumeshawaambia kwamba watasaidiwa.

Huko Trans Nzoia, Kenya, mfumo wa Peek wa kupima macho kwa simu ulijaribiwa katika shule 50, na matokeo yakachapishwa 2018. Upande mmoja walipima kwa simu, wazazi wakatumiwa ujumbe wa kukumbushwa. Upande wa pili walitumia kadi ya kawaida na rufaa ya karatasi. Waliofika hospitali katika kundi la ujumbe walikuwa 54%, kundi la karatasi 22%. Soma pia upande wake mchungu: hata kwa kukumbushwa, karibu nusu hawakufika.

Kwa hiyo chukueni namba mbili za simu kwa kila mtoto, na muulize nani nyumbani anaamua safari za hospitali. Mara nyingi si yule aliyejaza fomu. Pigeni, ujumbe peke yake hautoshi. Mpeni mzazi tarehe na jina la mtu atakayempokea. Ruhusa ya picha ichukuliwe kwa maandishi, na picha za watoto zisibaki kwenye simu binafsi ya mpimaji. Miwani ikija, mtoto achague fremu mwenyewe, kisha rudini baada ya miezi mitatu bila kutangaza, mhesabu ziko usoni ngapi na kwenye begi ngapi.

Na kabla ya yote hayo mpateni daktari atakayekubali kwa maandishi kwamba kila picha itajibiwa ndani ya siku mbili. Mkimkosa, subirini kwanza kupima. Mkimpata, rudi hapa utaje idadi ya shule na ya wapimaji, nikuwekee fomu ya rufaa tuliyoishia kuitumia.