Riwaya za kihistoria si kupoteza muda

Kamwene, mdogo wangu wa Mafinga, umeuliza kama riwaya za kihistoria ni kupoteza muda maana ndani kuna mambo ya kutunga. Hapana, soma! Shuleni nilikariri vita ya Lugalo 1891, Wahehe na Wajerumani, chifu wa Wahehe Mkwawa kafa 1898, mtihani ukaisha nikasahau, ila riwaya inakuingiza mpaka jikoni kwa watu, unasikia moshi, unamwona mama anafunga mzigo usiku mtoto analia na Wajerumani wako karibu, hapo ndo mwaka unakaa kichwani. Ukimaliza kitabu cha enzi hizo njoo Iringa mjini upande daladala ya Kalenga, pale makumbusho kuna fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, simama mbele yake kidogo, halafu rudia zile kurasa. Mi nilizirudia usiku uleule.