Mbegu za mgagani kutoota, na habari ya kuongeza damu

Dada, umeuliza kwa nini mbegu zako za mgagani hazioti, na kama kweli mboga hii huongeza damu. Kama umezitoa kwenye maganda juzi tu ukazipanda, shida iko hapo. Mbegu mpya za mgagani huwa zimelala. Zikaushe, uzihifadhi pakavu miezi 3 hadi 6, ndipo upande. Usizifukie zaidi ya sentimita 1, acha sentimita 30 kati ya mistari, utie samadi iliyooza. Mgagani hupenda jua kali. Maji yakituama mmea hufa.

Baada ya wiki 4 hadi 6 anza kuchuma. Kata vilele mapema, maana mmea ukishachanua majani huwa madogo na uchungu huzidi.

Mimi huchemsha, namwaga maji ya kwanza, kisha natia maziwa na kuulaza hadi kesho yake. Kisii, ambako wanauita chinsaga, na kwa Wakalenjin pia huutia maziwa. Ladha yake ya siku ya pili siibadilishi na mchicha hata kidogo!

Majani yana madini ya chuma na vitamini A na C, ndiyo maana wanawake waliotoka kujifungua hupikiwa. Lakini ukipimwa damu ikawa chini, usiache vidonge vya kliniki. Na ile tabia ya kumkamulia mtoto majani sikioni, nakusihi usiifanye: majimaji yake huwasha na kuchubua ngozi. Mpeleke zahanati.