Jahazi la misumari Malindi, mwaka 1498?
La, hapo watengenezaji wa filamu hii ya safari ya Vasco da Gama, baharia Mreno, wamekosea. Chombo cha wenyeji wakati da Gama anatia nanga Malindi ni mtepe: mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga la mkeka, la mraba. Kwenye filamu, kamera ikisogea ubavuni, vichwa vya misumari vinaonekana safu nzima. Tanga la pembetatu la chombo hicho cha kwenye filamu, peke yake, silo kosa, vyombo vya Waarabu vilikuwa nalo tayari. Mfano wa mtepe upo Makumbusho ya Lamu, kautazame ule mshono. Kinachoudhi zaidi ni Fort Jesus, ngome ya Wareno, kuonekana da Gama anapopita Mombasa, na ngome yenyewe imeanza kujengwa 1593!