Hakimu, mwamuzi na msuluhishi si mtu mmoja

Ndugu umeuliza kama hakimu, mwamuzi na msuluhishi ni kitu kimoja, hapana kaka. Hakimu katoka Kiarabu, mzizi mmoja na hukumu, mahakama na hata hekima, yani anayehukumu alitegemewa awe na busara, hilo mi nalipenda sana. Suluhu nayo ya Kiarabu, ni kupatana, so msuluhishi anawakalisha mpatane wenyewe hakuamulii kitu. Ila amua ni Kibantu chetu kabisa, ndo ile ya kuamua ugomvi, watu wanapigana unaingia kati unawatenganisha, na mwamuzi akishasema imepita. Bongo kesi za kazi zinaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwanza mnasuluhishwa, ikishindikana ndo inaamuliwa.